Alama ya Gumba

Nywele zilimponyoka msusi akiwa nyuma ya sikio la mteja. Mteja alimtupia jicho kwenye kioo. Msusi akazikusanya, akazigawa upya, akaanza tena pale pale. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kilikuwa kimekufa ganzi. Asubuhi kilikuwa kinauma, kuanzia kwenye shina lake mpaka ndani ya kiganja, na hapo walau alijua kuwa kipo. Kufika mchana kilinyamaza kabisa, na ilibidi akisimamie kwa macho ndipo kibane nywele.

Mwenye saluni alikuwa ameona. Ni mwanamke aliyejaliwa mwili na sauti, na huwaita wafanyakazi wake wote "mwanangu", hata wale waliomtangulia kuzaliwa. Alisubiri mteja akae chini ya draya, asikoweza kutoka wala kusikia, kisha akamvuta msusi pembeni kwenye beseni la kuoshea vichwa.

"Mwanangu, hilo ligitaa lako litakuja kukuacha na mikono ya mapambo," alimwambia. "Nenda kaonane na watu wa viungo hospitali. Usiniambie kesho."

Msusi akaitikia ndiyo. Siku hizi alikuwa mtu wa kuitikia ndiyo. Ukimwambia ale, anakula. Ukimwambia akapumzike, anakwenda kujilaza na viatu vyake miguuni. Tangu mumewe afariki, mwaka na ushee uliopita, alikuwa kama nyumba ambayo taa zinawaka lakini ukibisha hodi hafungui mtu. Hakulia alipopata habari, hakulia makaburini, na hakulia msiba ulipokwisha na viti vya kukodi kurudishwa kwa wenyewe. Watu wa msibani nao wana mizani yao ya machozi, na kwenye mizani hiyo msusi alipungua. Shangazi mmoja wa upande wa mume alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, kwamba macho makavu ni ya mtu aliyekauka moyo siku nyingi. Msusi alimsikia vizuri sana. Alimpelekea chai, akamwuliza kama sukari imetosha.

Mumewe alikuwa mpiga besi. Yeye na kaka yake, anayepiga gitaa la solo, waliianzisha bendi hata kabla hawajaota ndevu. Si bendi ya kutajwa redioni. Ni bendi ya harusi, ya mahafali, ya sherehe za watu wanaostaafu. Watu wanacheza mpaka viatu vinawekwa kando, kisha wanaondoka bila kuuliza inaitwaje. Nyumbani mume alikuwa na mchezo wake. Alipenda kumpakatisha mkewe gitaa kama mgeni anavyopakatishwa mtoto, amwambie shika hapa, bonyeza pale, hebu tusikie, na wanacheka. Miaka ikapita kwa utani huo. Kabla hawajashtuka, msusi alikuwa anazijua nyimbo zote za bendi, tena kwa mapigo ya mumewe hasa, pamoja na zile sehemu alizokuwa anachelewa kidogo kwa makusudi ili mpiga ngoma amtafute.

Alikufa mchana, siku ya kawaida kabisa. Alikula, akajilaza, akasema aamshwe chai ikiiva. Chai ilipoiva mkewe akaenda kumwamsha.

Bendi ilikuwa na harusi ambayo isingeahirishwa kwa ajili ya msiba wa mtu, na mpiga besi anayezijua nyimbo zile hakuwepo mwingine duniani. Msusi akasema atapiga yeye. Alilisema hilo kwa sauti ile ile anayotumia kumwuliza mteja kama maji ni ya moto mno. Shemeji yake, yule mpiga solo, alimtazama kama ameambiwa kuwa friji ndiyo itakayopiga. Lakini alipiga. Akapiga na Jumamosi iliyofuata, na nyingine, mpaka ikazoeleka. Wanabendi wakaendelea kumwita Shemeji kama walivyomwita siku zote, naye akawa anasimama nyuma, karibu na ngoma, uso mkavu, akipiga kila kitu kama kilivyokuwa kinapigwa na marehemu.

Hapa pana jambo la kuelezwa, maana bila hilo mengine hayana mguu wa kusimamia. Nyuma ya shingo ya gitaa lile, kwa juu, karibu na mahali pa kukazia nyuzi, vanishi ilikuwa imelika. Pamebaki mti mtupu, laini, upana wa gumba la mwanamume mwenye mikono mikubwa. Ndipo gumba la mumewe lilipokaa miaka yote. Wapiga besi wengine gumba lao hutembea shingoni kufuata vidole. La kwake lilikuwa limejenga. Alikuwa na mikono mirefu, akivifikia vyuma vya mbali vinavyogawa shingo kutoka hapo hapo kama mtu anayechukua chumvi mezani bila kuinuka.

Siku ya harusi ile ya kwanza, msusi alipovaa mkanda na kuishika shingo, gumba lake likaiangukia ile alama. Siku hiyo hakuhisi kitu kingine chochote. Hakuona hofu, hakuona aibu ya kutazamwa, hata huzuni haikuja. Alama aliihisi. Palikuwa laini kuliko kwingine, na palikuwa pa mtu. Tangu hapo hakuliondoa gumba lake pale. Wimbo uende juu, wimbo urudi chini, lenyewe liko pale pale, na vidole vingine vikajua vyenyewe jinsi ya kujinyoosha. Mkono wake ni mdogo. Kiganja kilikunjika, kiwiko kikatoka nje kama cha mtu anayesukuma watu kwenye foleni, na gumba likawa linabana kwa nguvu zake zote lisije likateleza.

Mkanda nao hakuugusa. Mume alikuwa mrefu, na mkanda ulibaki kwenye tundu lake, kwa hiyo gitaa lilimning'inia msusi kule chini karibu na magoti. Ukimtazama kwa mbali ungedhani amebeba ndoo.

Hospitalini, mtaalamu wa viungo alikuwa binti mwenye miwani na soksi zisizofanana. Siku ya kwanza aliliminyaminya gumba, akalikunja, akalinyoosha, akauliza hapa je, na hapa je. Kisha akamwambia arudi na gitaa lenyewe. Aliporudi nalo mgongoni, wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walidhani hospitali imewaletea burudani, na mzee mmoja mwenye mguu wa plasta akaanza kuulizia nyimbo za zamani.

Binti alimwambia apige kama anavyopiga ukumbini. Msusi akapiga, bila spika, sauti ndogo ya nyuzi mle chumbani. Mtaalamu akamzunguka, akachuchumaa, akachungulia kwa chini kama fundi anayechungulia uvungu wa gari.

"Gumba lako linafanya kazi ya mkono mzima," alisema alipoinuka. "Mkono wenyewe umekaa tu, kama mgeni anayesubiri kuandaliwa."

Akamweleza taratibu, akimwonyesha kwa mikono. Mkanda upande, gitaa likae tumboni, ili kifundo cha mkono kinyooke. Gumba likae katikati ya mgongo wa shingo, mkabala na kidole cha kati, tena liwe linaegemea tu bila kubana, na vidole vikihama nalo lihame. Uzi ubonyezwe karibu na chuma, hapo haudai nguvu. Na kinachouvuta uzi kiwe uzito wa mkono kutoka begani, si kuuminya kwa gumba kama mtu anayekamua embe. Ili amwaminishe, akamwambia aliondoe gumba kabisa, alining'inize hewani, halafu apige.

Msusi akaliondoa. Uzi ukalia, tena ukalia safi. Hewa ikapita mahali gumba lilipokuwa. Akalirudisha haraka kwenye alama, kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha mlango wazi.

"Shingo yote hiyo una nafasi," yule binti akasema. "Kwa nini hapo tu?"

Msusi akajibu kuwa ni mazoea. Mtaalamu alimtazama juu ya miwani, hakumbishia. Alimwambia tu, bila kumtisha na bila kumbembeleza, kwamba kano za gumba zimeshavimba, na akiendelea hivi itafika siku hata kushika kitana itakuwa shughuli. Msusi akaitikia ndiyo.

Nyumbani alifuata masharti yote. Aliloweka mkono kwenye maji ya vuguvugu, akafanya mazoezi ya kufungua na kufunga kiganja, akapumzika kila baada ya wimbo. Mkanda hakuupandisha, na gumba hakulihamisha. Ni sawa na mtu aliyeambiwa aache sigara akaamua kubadilisha kiberiti.

Mama mkwe alimwona akiloweka mkono, akamwongezea maji ya moto kutoka kwenye birika. Wale wanawake wawili walikuwa wanakaa pamoja tangu msiba, katika vyumba viwili na bafu lenye bomba linalovuma kama ndege kila likifunguliwa. Hawakuwahi kugombana. Walizungumza habari za mvua, za jirani anayefuga jogoo asiyejua saa, za bei ya mkaa. Habari za yule aliyewakutanisha hawakuzigusa. Mama mkwe alikuwa akilia bafuni, bomba likiwa wazi, akiamini maji yanaficha. Msusi alimsikia kila mara, akiwa amekaa kitandani, mikono mapajani. Alimwonea wivu.

Bendi ilifanyia mazoezi kwenye stoo nyuma ya ukumbi, kati ya viti vilivyopandishana hadi darini. Siku hiyo walikuwa wanapitia nyimbo za harusi kubwa iliyokuwa inakuja Jumamosi. Wimbo wa kwanza ulikwenda. Katikati ya wa pili gumba likanyamaza, mkono ukaachia, na besi ikakatika mahali ambapo mwimbaji hukanyagia sauti yake ili apande. Mwimbaji akapanda hewani, akaanguka. Mpiga ngoma akacheka kidogo, halafu akaona nyuso za wenzake, akainama kukaza parafujo ambayo haikuwa imelegea.

Shemeji yake, yule mpiga solo, alimwomba watoke nje. Si mtu wa maneno mengi, na yale machache aliyokuwa nayo aliyatoa shingo upande. Alisema harusi hii si ya kubahatisha. Alisema yupo mpiga besi fulani, wanamwita Mrefu, aliwahi kupiga na bendi nyingine na anashika wimbo haraka. Ijumaa watafanya mazoezi ya mwisho, na Mrefu atakuwepo. Mkono wa msusi ukiwa bado hivi, Mrefu ndiye atakayepiga.

"Na gitaa litakwenda naye," akamalizia, akitazama ukuta. "Besi ya bendi ni hiyo moja, unajua. Tulinunua wote wawili, mimi na yeye. Sikufukuzi, shemeji. Usinielewe vibaya."

Msusi akaitikia ndiyo. Akalivaa gitaa mgongoni, akatembea hadi nyumbani, akipita katikati ya watu waliokuwa wanatoka kazini, na kamba ya mfuko ikimkata bega. Nguo za mume zilikwishagawiwa kwa jamaa, hakupata shida. Viatu vilikwenda, hakupata shida. Sauti yake kwenye simu alikuwa ameisikiliza tena na tena hadi ikawa kama sauti ya mtu wa matangazo. Kilichobaki ni hiyo alama. Gitaa likiondoka, mkono wake hautakuwa tena na mahali pa kumkuta. Alilifikiria jambo hilo njia nzima, bila moyo kumwenda mbio, kama mtu anayesoma tangazo ukutani akisubiri kuitwa.

Siku saluni ilipofungwa kwa mapumziko, aliamua kulisafisha. Kama litakwenda kwa watu, liende safi. Alililaza kifudifudi kitandani, karibu na dirisha, jua la mchana likiangukia mgongo wake. Akachukua kitambaa, akafuta mwili, akafuta kichwa, akafuta shingo kuanzia chini kwenda juu. Alipofika kwenye alama, mkono ukasita. Mwaka mzima alikuwa akiishika tu kwa nyuma, asikoona. Hakuwahi kuitazama kwenye mwanga.

Akainama.

Ukingo wa juu ulikuwepo, mpana, wa duara, rangi ya chai ya maziwa. Huo ulikuwa wa mumewe; angeujua popote. Lakini ndani yake palikuwa na alama nyingine, nyembamba, nyeupe zaidi, iliyokaa upande upande. Ilianzia katikati, ikashuka, ikaula ukingo wa chini wote. Kule chini hapakuwa tena na duara. Palikuwa na kijifereji tu, na mti wake ulikuwa umechakaa hadi unaonyesha nyuzinyuzi.

Alijua ni nini kabla hajaweka kidole. Mikono yake inashinda kwenye mafuta ya nywele na dawa za kulainisha, dawa ambazo zikidondoka kwenye meza ya saluni huacha doa lisilotoka. Anaosha, ndiyo, lakini mikono ya msusi haitakati ikaisha. Kwa mikono hiyo alikuwa anakwenda moja kwa moja kwenye mazoezi, anakandamiza gumba pale kwa nguvu zote alizonazo. Akaliweka gumba lake sasa, taratibu. Likaingia kwenye kijifereji sawasawa, bila kubaki nafasi.

Aliyekuwa anamshika si mumewe. Alikuwa anajishika mwenyewe, na kila Jumamosi, kwa kung'ang'ania, alikuwa anamfuta.

Aliogopa. Hofu ilikuwa ya kweli, yenye jasho, na alishangaa kuiona, kwa maana kwa muda mrefu hakuna kitu kilichokuwa kimemgusa hivyo. Aliondoa gumba kama aliyeshika pasi. Akakaa akilitazama gitaa, pumzi zikimwenda. Kisha akaondoka pale, akatafuta kitana chenye mkia, akarudi kwenye ule mkanda.

Ngozi ilikuwa imekakamaa. Kifungo cha chuma kilikuwa kimelala kwenye tundu moja tangu zamani hadi kikachonga kitanda chake, na ilibidi akichokonoe kwa mkia wa kitana, huku akiuma meno, ndipo kikaachia. Akakipandisha hadi tundu la mwisho. Akavaa. Gitaa likakaa tumboni, mkono ukanyooka wenyewe, na kwa mara ya kwanza akaona vidole vyake vikiwa kazini bila kulazimika kuinama. Gumba akaliweka katikati ya mgongo wa shingo, kwenye vanishi nzima, inayoteleza, isiyo na mtu.

Akapiga vibaya. Alikuwa kama aliyehama nyumba, kila akienda kuwasha taa anapapasa ukuta usio na swichi. Akaliondoa gumba hewani kama alivyofundishwa, akapiga bila hilo, akalirudisha liegemee tu. Akakosea, akaanza upya. Vidole vilipokwenda mbali, gumba likavifuata, likapita karibu na alama bila kuigusa. Kila lilipopita moyo ulimruka kidogo. Zile sehemu ambazo mume alikuwa anachelewa kwa makusudi, yeye sasa hakuchelewa. Mkono ulikuwa umefika, hakukuwa na sababu ya kungoja. Chumba cha pili, mama mkwe alipunguza redio. Baadaye kidogo akaizima.

Ijumaa Mrefu alikuwepo, ameketi juu ya viti vilivyopandishana, kijiti cha meno mdomoni, miguu inaning'inia. Alimsalimia msusi kwa adabu zote. Alionekana mtu mwema, na hilo halikusaidia kitu.

Wakaanza. Msusi alipiga huku macho yake yakiwa kwenye mkono wake. Gumba lilikuwa linauma kidogo, uchovu wa kawaida, wa mtu aliyefanya kazi. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ukafika pale mwimbaji anapokanyagia, na besi ilikuwa pale, mwimbaji akapanda. Sasa ilikuwa zamu ya solo. Solo haikuja. Ngoma zikaendelea peke yake kidogo, zikasita, zikanyamaza.

Shemeji alikuwa ameacha kupiga. Siku zote huwa amewapa mgongo wenzake, anaangalia mlango. Sasa alikuwa amegeuka, mkono umelala juu ya nyuzi, anamtazama msusi. Msusi akajua amekosea. Akaanza kuuvua mkanda.

"Acha, usivue," shemeji akasema. "Mwaka mzima nilikuwa nampa mgongo mdogo wangu. Nilikuwa nafanya makusudi. Nikigeuka nitakuona wewe, kwa hiyo sigeuki, nasikiliza tu. Leo nimesikia hayupo."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Mpiga ngoma alijifuta uso kwa kitambaa ambacho kwa kawaida hufutia ngoma.

"Piga hivyo hivyo," shemeji akasema. "Tutazoea."

Mrefu akashuka kwenye viti, polepole, asipige kelele. Akampa shemeji mkono, akamwinamia msusi kichwa, akaondoka zake. Msusi alitaka kuitikia ndiyo kama kawaida. Neno likakataa kutoka, akaurudisha mkanda begani.

Harusi ilikuwa harusi. Watu walicheza, viatu vikawekwa kando, hakuna aliyeuliza jina la bendi.

Jumapili, baada ya chakula, mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake akikunja nguo zilizokauka. Msusi aliingia na gitaa. Hakuwahi kuliingiza mle. Mama mkwe akasogeza nguo, akafanya nafasi. Msusi akamlazia gitaa mapajani kifudifudi, kama vile yeye alivyokuwa anapakatishwa.

"Mama, nipe mkono."

Mama mkwe akampa. Ulikuwa mkono mkubwa kwa mwanamke mdogo kama yeye, vidole virefu, na msusi akashangaa kwamba hakuwahi kuugundua. Akalichukua gumba la mama mkwe, akalipeleka nyuma ya shingo ya gitaa, kwa juu, kwenye ule ukingo mpana uliobaki.

"Hapa ndipo alipokuwa anashika," akasema.

Gumba la mama likatulia pale. Likajaza. Mama mkwe hakuuliza nani. Alipapasa ukingo, akaenda nao hadi unapokatikia, akarudi, akaenda tena. Redio ya jirani ilikuwa inasoma matokeo ya mpira.

"Hili gumba," mama mkwe akasema, akiwa bado anapapasa, "lilikuwa mdomoni mpaka anaanza shule. Mwalimu akaniita. Nikasema basi, leo nakukomesha. Nikalipaka pilipili. Akalinyonya na pilipili yake. Machozi yanamtoka, kamasi zinamtoka, na halitoi."

Kicheko kilimtoka msusi kabla hajakijua, kikubwa, cha kifuani, kicheko cha mtu aliyemwona mumewe mbele yake na kamasi zake na ubishi wake. Alicheka hadi akashika ukingo wa kitanda. Halafu kicheko kikageuka, hakujua ni wapi hasa, na alipojaribu kukizuia kikawa kikubwa zaidi. Akaweka kichwa kwenye bega la mama mkwe. Bega lile nalo lilikuwa linatikisika, na gitaa likiwa limelala kati yao, nyuzi zikawa zinalia kidogo kidogo chini yake kila walipotikisika.

Walilia hivyo, mchana kweupe, mlango wa chumba ukiwa wazi. Hakuna aliyekwenda kufungua bomba.